Bi. Normande na Pete Iliyovuliwa Uzi

Saa nne na robo asubuhi, maji yakiwa bado yanakupwa, Bi. Normande Belliveau anatembea juu ya mchanga mbichi wa pwani ya Grande-Barre, mashariki mwa Kanada, kwa mwendo wa mtu anayepima shamba la urithi. Mkono wake wa kulia unaipeleka mashine ya kutambua metali kushoto, kisha kulia, sahani yake ikipita upana wa kidole kimoja juu ya mchanga. Nyuma yake kisigino cha buti kinachora mfereji mwembamba, ili asije akapita mahali pamoja mara mbili.

Mashine inalia. Anapiga magoti, anachota mchanga kwa chepe lenye matundu na kuutikisa. Kinachobaki ni kifunguo cha kopo la bia, kile kipete cha alumini kinachovutwa kulifungua.

"Cha kumi na nne," anasema, akikitia mfukoni. "Watu wetu wana kiu ya ajabu."

Mireille Doucette, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, amesimama hatua chache kutoka hapo, mikono ameikumbata kifuani. Hacheki. Jana asubuhi, alipokuwa akichimba kombe wa mchangani kwa ajili ya mchuzi wa Jumapili, pete yake ya ndoa ilichopoka kidoleni. Aliitafuta kwa kucha mpaka maji yalipomfukuza. Leo jioni, saa kumi na moja, mumewe Yvon atatua Moncton baada ya majuma matatu ya kazi katika visima vya mafuta vya Alberta, naye hajui lolote.

Kama ingekuwa pete ya dukani, Mireille angekwisha kumpigia simu. Lakini pete hiyo ilikuwa ya Aldéa, mama yake Yvon, aliyefariki dunia mwezi wa Februari. Alimvisha mkwewe kwa mkono wake mwenyewe akiwa kitandani, siku nne kabla ya kufa.

"Usiku wa leo kuna dhoruba," anasema Bi. Normande bila kuinua macho. "Itahamisha mchanga huu wote. Kwa hiyo tuna maji kupwa haya, basi. Saa tano na dakika arobaini yatafika mwisho, na ikifika saa saba kasorobo hapa tutakuwa tunaogelea."

Bi. Normande ana umri wa miaka sitini na sita. Kwa misimu thelathini na mitatu alisimama katika kiwanda cha kambakoche, miguu ikiwa ndani ya buti na mikono ndani ya maji baridi ya chumvi, akivunja magamba. Vidole vyake havinyooki tena sawasawa. Masikio yake, hata hivyo, hayajambo, na kazi anayoifanya sasa ni ya masikio.

Mashine hiyo hakuinunua yeye. Aliinunua mumewe, Livain, alipostaafu uvuvi, akiwa na matumaini ya kufukua sarafu za kale. Kwa miaka miwili alifukua misumari, vizibo vya chupa na kijiko kimoja. Siku moja magoti yakamshinda, Bi. Normande akaichukua mashine "ili isipate kutu", na kabla ya adhuhuri akarudi na pete ya daktari wa meno kutoka Québec.

"Miaka saba sasa hajanisamehe," anasema.

Livain yumo ndani ya pikapu ukingoni mwa barabara, na chupa ya kahawa, darubini na blanketi la magotini. Ndiye dereva. Kila aliyepoteza pete anapomwita mkewe, humleta ufukweni, kisha hukaa kutazama bahari na kumpigia simu kumkosoa.

Mwaka uliopita Bi. Normande aliitwa mara thelathini na moja, akapata pete ishirini na tisa. Asipoipata pete hachukui kitu. Akiipata, huomba dola ishirini za petroli, na mengine humwachia mwenye pete. Wapo wanaompa mia mbili, na wapo wanaompa mkate wa molasi. Kwa mwaka mzima alipokea dola elfu moja mia moja na arobaini, na nyingi zilikwenda kwenye betri na buti mpya.

Siri ya kazi, anaeleza, ni kuvumilia takataka. Dhahabu haina sauti ya kifahari. Inalia chini, kwa kujizuia, kama mtu anayekohoa kanisani, na kifunguo cha kopo hulia vivyo hivyo. Asiyetaka kuchimba vifunguo hatachimba pete. Nyumbani ana gudulia zima la vifunguo, na kila mgeni huulizwa akisie idadi yake.

Leo amepiga mistari kumi na miwili. Kila baada ya mistari miwili humwomba Mireille arudie aliyoyafanya jana.

"Chuchumaa. Hivyo hivyo. Mkono gani ulichimba?"

"Wa kulia, na jembe dogo. Wa kushoto nilikuwa nautia shimoni kuwatoa kombe."

"Halafu shimo ukalifukia?"

"Nililifukia. Mama mkwe alinifundisha kuyafukia yote, ili kombe wachanga wasife."

"Vizuri. Aldéa asingekubali vinginevyo." Bi. Normande anapima kina kwa mpini wa chepe. "Basi pete haiko juu. Umeizika kwa adabu zote."

Mireille anasema kwa haraka, macho yakiwa chini.

"Mama Normande, niliutoa uzi."

Bi. Normande anavua kisikilizi cha sikio moja. Haulizi ni uzi gani. Kwa misimu kumi na tisa yeye na Aldéa walisimama bega kwa bega kwenye meza moja kiwandani. Maji yale ya baridi husinyaza vidole, na pete iliyobana asubuhi huteleza kabla ya saa sita. Kwa sababu hiyo wanawake wote wa meza ile walizungushia pete zao uzi mwekundu wa pamba upande wa kiganjani, mizunguko tisa, fundo moja. Uzi ukichakaa, mwenzako alikuzungushia mwingine wakati wa chai, kwa kuwa mtu hawezi kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja.

"Ulikuwa umeshakuwa mweusi," anaendelea Mireille. "Yvon anarudi, nikasema niisafishe, ipendeze. Niliukata kwa mkasi Jumanne. Nikaona kweli imependeza. Jana nikatia mkono kwenye maji."

Upepo unavuma. Bi. Normande anakirudisha kisikilizi sikioni.

"Uzi ule wa mwisho niliufunga mimi," anasema. "Chuchumaa tena, tuendelee."

Saa tano inafika bila pete. Vifunguo vimekuwa ishirini na kimoja. Bahari imekwisha kurudi mbali, na mchanga mtupu umelala wazi mpaka kwenye ukingo wa mwisho. Bi. Normande anasimama, anashika kiuno, anamuuliza Mireille alama zake kwa mara ya nne.

Watu wa pwani hii hawasemi "pale kwenye jiwe" wala "karibu na maji". Mahali hutajwa kwa alama mbili zilizolingana, moja nyuma ya mtu na nyingine mbele yake. Mireille alikuwa na alama zake tangu asubuhi, naye alizitaja kwa fahari kidogo.

"Mnara wa kanisa mgongoni, mashua nyekundu ya mvuvi Théotime usoni. Sawia kabisa. Na ukingo wa mwisho wa mchanga ulikuwa hatua kumi mbele yangu."

Bi. Normande anageuka kuutazama mnara, kisha anaitazama mashua inayocheza kwenye nanga nje ya ukingo. Anaitazama muda mrefu. Anatoa simu mfukoni.

"Livain, umelala?"

"Nalinda pwani."

"Haya, mlinzi. Jana asubuhi mashua ya Théotime ilikuwa imelala upande gani?"

Inasikika kahawa ikimiminwa bila haraka.

"Jana upepo ulitoka kaskazini. Ilikuwa imelala upande wa darajani. Leo upepo ni wa kusini, ndiyo maana imelala upande wa gatini. Ungeniuliza tangu saa tatu ningekwisha kukwambia."

"Sikujua kama unatazama mashua."

"Bibie, mimi natazama kila kitu. Kazi yangu uliichukua wewe."

Bi. Normande anakata simu kabla mumewe hajaongeza neno. Kisha anamgeukia Mireille, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu.

"Mwanangu, kwenu ni wapi vile?"

"Memramcook."

"Bara."

"Si bara sana, Mama Normande."

"Ni bara. Mtoto wa pwani hachukui alama kwa kitu kinachoelea. Alama zote mbili ziwe na mizizi. Mashua ile inazunguka kamba yake kama mbuzi, na sisi tangu asubuhi tunamfuata mbuzi."

Kamba ya nanga ya Théotime ina urefu wa hatua kumi na sita, na mashua imehama kutoka upande mmoja hadi wa pili. Bi. Normande anahesabu hatua thelathini kuelekea darajani, anachora mstari mpya kwa kisigino, na kazi inaanza upya. Saa yake inaonyesha saa tano na dakika kumi na mbili.

Mashine inalia mara tano. Vinatoka vifunguo vitano. Livain anapiga simu kusema kwamba wingu la kusini ni jeusi kuliko lilivyokuwa. Anajibiwa kwamba mawingu yanaonekana hata bila darubini.

Saa sita na dakika tano maji yanaanza kurudi, kwanza kama ulimi mwembamba unaopita katika mifereji ya kisigino, kisha kwa upana. Mireille anayatazama yakizifuta alama moja moja. Midomo yake inatikisika, na huenda anasali, huenda anapanga maneno ya kumwambia Yvon.

Katika mstari wa saba Bi. Normande anasimama. Anapeleka sahani kushoto, kulia, kisha anaizungusha robo na kuipeleka tena. Sauti ni dhaifu, ya chini, inatoka mbali.

"Kifunguo?" anauliza Mireille.

"Pengine. Chuchumaa hapa, mgongo kwenye kanisa. Unaona nini?"

Mireille anachuchumaa. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu yake. Anagusa mchanga kwa kiganja, anasikia jinsi ulivyo laini mahali hapo, si mgumu kama wa pembeni.

"Hapa palichimbwa," anasema polepole. "Hapa palichimbwa na kufukiwa."

Chepe linazama mara moja, linatoka na mchanga na magamba. Linazama mara ya pili, mpaka kwenye mpini. Bi. Normande analitikisa ndani ya maji yanayopita, mchanga unayeyuka, na kwenye matundu kinabaki kipande cha gamba, kijiwe, na pete.

Hakuna anayepiga kelele. Mireille anaketi palepale, ndani ya maji, na suruali yake yote. Analia kwanza, halafu anaanza kucheka, halafu anashindwa kuyatenganisha mambo hayo mawili. Bi. Normande anaigeuza pete upande wa ndani, anaona mkwaruzo mdogo anaoufahamu tangu msimu mmoja wa zamani ambapo koleo la kiwandani lilimteleza Aldéa, kisha anamkabidhi Mireille.

"Usiivae," anasema. "Ishike kwenye ngumi mpaka tufike garini. Sitarudi humu leo."

Ndani ya pikapu mna joto, na Livain amekwisha kumimina vikombe vitatu. Anadai sehemu yake ya sifa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba anapewa. Bi. Normande anafungua kisanduku cha gari, anatoa bati la peremende lenye sindano, vifungo na kijiti cha uzi mwekundu wa pamba.

"Hebu niletee kidole."

Vidole vyake vilivyopinda vinafanya kazi polepole. Anazungusha mara moja, mbili, tatu, akihesabu kwa sauti kama walivyohesabu mezani. Katika mzunguko wa tisa anamwambia Mireille ashikilie ncha moja, anakaza fundo na kukata uzi kwa meno. Mireille anakung'uta mkono kwa nguvu. Pete haisogei.

"Uzi si uchafu," anasema Bi. Normande. "Ukichakaa, njoo. Usichukue mkasi."

Saa mbili kasorobo usiku, mvua ikilipiga dirisha la jikoni, Bi. Normande ameketi mezani na daftari lake la pete zilizopotea wakati simu inapolia. Ni Mireille. Anasema Yvon alimshika mkono kwenye uwanja wa ndege, akaupapasa uzi kwa kidole gumba, akasema, "Naona umeutunza uzi wa Mama."

"Nawe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia huu ni mpya. Halafu nikaanza tangu mwanzo."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka tukakosa njia ya kutokea. Kisa cha mashua, Mama Normande. Anasema atawaambia Alberta nzima."

Bi. Normande anaweka simu chini na kulifungua daftari. Anaikata kwa mstari pete ya Aldéa. Kwenye kurasa za nyuma yamebaki majina tisa, ya watu ambao pete zao hajazipata katika miaka hii saba. La kwanza ni la Alphée Goguen, mzee wa miaka themanini na moja, aliyepoteza yake akimfundisha mjukuu kuogelea, na ambaye bado humuuliza kila Jumapili baada ya misa, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaulizia mgonjwa.

Dhoruba hii, anasema, haimwogopeshi. Mchanga unaofunika leo ndio utakaofunua kesho. Maji yakitulia anakusudia kuanza na pete ya mzee Alphée na kushuka kwenye orodha, jina moja baada ya jingine, kabla barafu haijaingia.

"Keshokutwa maji yanakupwa saa saba na nusu," anamwambia Livain bila kuinua kichwa.

"Nikuletee gari hapo mlangoni?"

"Lete." Anafunga daftari. "Na darubini usiisahau."