Siku Niliyoshuka Kwenye Baiskeli

Alfajiri, ukitoka Nyegezi kuelekea Usagara, ukungu hupanda kutoka ziwani na kulala juu ya lami. Naapa, nilikuwa naupenda ukungu ule kuliko watu. Miguu inazunguka, mnyororo unalia taratibu, na akili inakwenda zake mbali: milima ya nchi za watu, watazamaji pande zote za barabara, jezi yenye jina langu mgongoni. Nikifika kwenye daraja la Kigongo, maji kulia, maji kushoto, nilikuwa nasahau kabisa kwamba nina miguu.

Nikirudi nyumbani namkuta mama anaanika dagaa, na jirani yetu hakosi neno.

"We binti, hiyo baiskeli itakuoa lini?"

"Bado inatafuta mahari, shangazi," namjibu, na mama anacheka mpaka anajishika kiuno.

Mwaka jana akaja kocha mmoja wa baiskeli kutoka mbali, mtu wa maneno machache. Alitaka msichana mmoja wa kumpeleka kambini nje ya nchi, kwenye timu inayolipa mshahara. Tungeshindana kutoka Usagara hadi Misungwi na kurudi, na atakayetangulia ndiye atakayekwenda. Nilijua ni mimi. Sijidai, nilijua tu. Aliyenikaribia alikuwa rafiki yangu wa mazoezi, msichana wa kutoka Mara, niliyekuwa nikila naye sahani moja.

Tulipogeuza Misungwi, sisi wawili tukachomoka, wengine tukawaacha huko nyuma. Mashamba ya mpunga yalikuwa yanapita kama nayaota. Rafiki yangu alikuwa amejibanza nyuma yangu akikwepa upepo, na nilimsikia anavyohema. Alikuwa amekwisha. Kilima kimoja tu kinatosha, nikajiambia, halafu naruka na ndege.

Ndipo nikaona jeneza. Watu walikuwa wanatokea njia ya vumbi na kushika pembeni ya lami, wanaume wamelibeba begani, wanawake nyuma yao wanaimba. Huku kwetu ukikutana na msiba ukiwa juu ya baiskeli, unashuka. Unavua kofia na kusimama mpaka wapite. Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, nimekaa kwenye keria yake. Na siku tuliyomzika yeye, nilimwona mtu nisiyemjua ameshuka kwenye baiskeli yake yenye magunia ya mkaa, amesimama juani mpaka tukapita sote.

Sikuamua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilishtukia tu niko chini, kofia mkononi. Rafiki yangu akanipita. Aligeuka mara moja, macho yamemtoka, kisha akainamia usukani akaenda.

Na msiba ule ulikuwa na watu, jamani! Wazee, watoto, kwaya, na mwisho kabisa bibi mmoja na mkongojo wake, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Mimi moyoni: bibi wee, nisamehe, lakini tembea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Asante, mjukuu wangu."

Nikapanda na kuendesha kama kichaa. Nilipofika Usagara, rafiki yangu alikuwa amekaa chini na chupa ya maji, analia. Kocha akaniuliza kama nilianguka.

"Kulikuwa na msiba."

"Wa ndugu yako?"

"Hapana."

Akaenda kumwinua mwenzangu pale chini. Rafiki yangu ndiye aliyekwenda.

Jumapili moja akanipigia simu kutoka kambini. Nilikuwa ufukweni namsaidia mama kugeuza dagaa. Alinisimulia chakula cha huko, baridi, na wenzake wanaomcheka akiongea. Halafu akaniuliza:

"Bado umenikasirikia?"

"Wala. Wewe endesha tu, bwana."

Nilikuwa nasema kweli. Nikaweka simu mfukoni na kuendelea na dagaa wangu.

"Ulifanya vizuri, mwanangu," mama akasema. "Baba yako angefurahi."

"Najua, mama."

Tukaendelea na kazi. Nikajikuta nageuza dagaa wale wale mara ya tatu. Mama akaacha kila kitu, akaja akakaa karibu yangu kwenye mchanga.

"Nilitaka kwenda, mama," nikamwambia. "Nilitaka sana kwenda."