Mikono Miwili ya Kushoto

Ndugu yangu alipokwenda kufanya kazi Uarabuni aliniachia gari lake. Si gari la mtu aliyetulia. Ni la zamani, lina turbo, limekaa chini karibu kulamba lami, na ukilikanyaga linanguruma mpaka watoto wa kwetu Sarang'ombe wanatoka nje kulitazama. Mimi nauza mapazia Soko la Toi. Gari hilo la mashindano nililigeuza la kubebea marobota, na ndugu yangu alipojua hakufurahi.

Mwaka jana likaanza kelele. Kila nikipita tuta nilisikia kok, kok, chini ya miguu yangu. Baadaye usukani ukaanza kuvuta kushoto, na nikifunga breki gari zima linatetemeka. Nikalipeleka Kawangware kwa fundi ambaye ndugu yangu aliniapia kwamba hakuna mwingine wa kuligusa. Kazi anaijua, hilo sikatai. Lakini mdomo wake hufanya kazi nyingi kuliko mikono.

Aliinua gari kwa jeki, akashika gurudumu la mbele na kulitikisa. Likacheza kama jino bovu.

"Siz, mikono ya chini imekwisha," akaniambia. "Hivi ndivyo vyuma vinavyoshika gurudumu, kimoja kila upande. Bushi, zile raba zake, zimeraruka, na hii boljointi, kiungo cha gurudumu, ni ya kutupa. Leta Jumamosi asubuhi. Saa sita unaenda nayo nyumbani."

Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuuza. Nilimwachia kibanda jirani yangu muuza viatu, ambaye hajui tofauti ya pazia na shuka, nikaenda Kawangware.

Gereji ile iko sehemu ya mbele ya ploti. Nyuma anakaa mwenye ploti, bibi ambaye kila mtu humwita Shosho. Ndani kulikuwa kumejaa magari mengine yanayosubiri, kwa hiyo fundi akalifungua langu palepale langoni. Alikuwa ameshatoa magurudumu ya mbele na kuliweka juu ya mawe wakati Shosho alipotoka, amevaa kitambaa kipya kichwani.

"Nimekuambia wiki nzima," alimwambia fundi bila kupaza sauti. "Leo wanakuja watu wa ruracio ya mjukuu wangu. Wageni wa mahari watapita wapi?"

"Shosho, saa sita lango liko wazi."

Shosho alilitazama gari, akanitazama mimi, akarudi ndani.

Fundi alipiga nyundo, akatukana bolti moja yenye kutu, akaendelea kupiga mpaka mikono yote miwili ikatoka. Kisha akajifuta mikono na kuniambia nichukue pikipiki niende Kibera kuleta mingine.

"Nilidhani unayo hapa," nikasema.

"Wacha stress. Kuna mzee Mnubi pale Makina anauza spea za Japani zilizotumika. Nimeshaongea naye, zote mbili ziko tayari."

Nikaenda. Mzee alinipokea vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, za biashara na za afya, kwa Kiswahili laini kuliko chetu sisi wengine. Adhana ikaadhiniwa, akaniomba nimsubiri aswali. Nilikaa juu ya giaboksi kuukuu, simu mkononi, jirani yangu wa viatu akinipigia kuuliza kama pazia linauzwa kwa kilo. Mzee aliporudi alinifungia vile vyuma ndani ya gunia.

"Hivi havijaona tope la Nairobi, binti yangu," akasema. Nikamshukuru.

Niliporudi Kawangware, fundi aliuchukua mkono wa kwanza akaufunga upande wa kushoto. Ukaingia vizuri. Akauchukua wa pili akaenda kulia. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Akauweka chini.

"Hii pia ni ya kushoto," akasema.

Akampigia mzee, akaweka simu kwenye spika na kunipa niishike.

"Haiwezekani," mzee akasema. "Huo wa pili umeandikwa kulia kwa chaki. Aliandika ndugu yangu." Tukamsikia akiuliza mtu dukani, kisha akarudi. "Ahaa. Mimi huhesabu kama mtu aliyekaa kwenye usukani. Ndugu yangu huhesabu akiwa amesimama mbele ya gari."

"Mzee, nani anaendesha gari akiwa amesimama mbele yake?" fundi akauliza.

"Usinitukane, kijana. Ulitakiwa kumpa huyu binti ile ya zamani aje nayo tulinganishe."

Wakaendelea hivyo, kushoto ya nani, kulia ya nani, simu ikiwa mkononi mwangu. Mwishowe nikawaambia wote wawili kwamba sijali nani anasimama wapi, gari halina miguu, wageni wako njiani, na mimi sijauza hata pazia moja. "Nakuja na wa kulia mwenyewe," mzee akasema, akakata simu.

Wageni wakamtangulia. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, akina mama wakiimba barabarani, wamebeba vikapu na kreti za soda. Ni desturi waimbe nje ya lango, na wenyeji wawacheleweshe kidogo kabla ya kufungua. Walipofika na kuona gari langu limelala langoni bila magurudumu ya mbele, wakacheka. Walifikiri Shosho ameliweka makusudi kuwasumbua. Aliyekuwa akiongoza wimbo akaliingiza gari ndani ya wimbo.

Shosho hakucheka. Alinijia mimi.

"Hii gari ni yako?"

"Ni ya ndugu yangu, Shosho."

"Yuko wapi?"

"Uarabuni."

"Basi leo ni yako."

Nilitamani kuingia chini ya lile gari nisitoke. Walionisaidia ni wajomba wa bwana harusi. Walivua makoti, wakawapa wake zao washike, wakalizunguka gari upande wa mbele. Fundi alifunga vyuma vinavyoning'inia kwa waya, akatoa hendibreki, akawa anazunguka akisema polepole, polepole. Waliinua pua ya gari, wakalisukuma kwa magurudumu ya nyuma mpaka likabana ukutani. Mjomba mmoja alipata grisi kwenye shati lake jeupe. Nilimwomba msamaha, akaniambia si kitu, lakini mkewe alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka.

Wageni walipomaliza kuingia, mzee akafika na pikipiki, mkono wa kulia wa gari ukiwa mapajani, umefungwa kwa gazeti. Nikashusha pumzi. Fundi yupo, chuma kipo, jua bado lipo. Fundi akaokota nyundo.

"Hakuna nyundo," Shosho akasema kutoka mlangoni. "Wazee wanaongea. Mpaka wamalize."

Sijui kama umewahi kusubiri wazee wa pande mbili wakubaliane mahari. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, mimi katikati ya fundi na mzee, kila mmoja akiwa na sahani ya mukimo. Waliendelea na ugomvi wao kwa kunong'ona, kupitia masikioni mwangu. Nyumba ilipiga vigelegele, nikainuka. Kumbe ni chakula cha pili kimeletwa.

Jua lilikuwa linashuka nyundo iliporuhusiwa. Mkono wa kulia uliingia bila taabu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Niliendesha kurudi nyumbani nimekaza meno. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Lakini ili gari liende mbele moja kwa moja ilinibidi niushike usukani umepinda kama ninakata kona. Nikampigia fundi.

"Hiyo ni kawaida," akasema. "Lazima magurudumu yapimwe yasawazishwe. Jumatatu uje, ila mashine yangu ni mbovu, nitakuelekeza mahali."

Nilipofika nyumbani ndugu yangu alikuwa amepiga mara kadhaa. Nikampigia. Hakuuliza hali yangu. Aliuliza kama kelele zimeisha. Nikamwambia zimeisha, na kwamba aje achukue gari lake. Akasema mtandao ni mbaya, hanisikii vizuri. Mimi nilikuwa namsikia vizuri sana.