Anisia na Wimbo Uliokatwa Jina

Saa tatu asubuhi, siku ya gulio Runzewe, na Anisia Tarsisi ameshakasirika. Kibanda chake cha kuingiza nyimbo kwenye simu ndiyo kwanza kimefunguliwa, hata spika haijawashwa, na mteja wa kwanza amekwisha kumtibua.

"Mama Luka, shikamoo. Niwekee ule wa zeze, wa yule jamaa wa Buseresere," anasema Makoye, mchimbaji kijana wa machimbo ya jirani.

"Marahaba. Huyo wa Buseresere hata kushika zeze hajui," anajibu Anisia, akimpokonya simu. "Ana duka tu. Na mdomo."

Mama huyu amejaza simu za watu nyimbo kwa miaka tisa, shilingi mia kwa wimbo, na siku njema haimpi zaidi ya elfu kumi na tano. Kinachomtofautisha na wenzake ni nyongeza. Muuza nyanya huongeza moja juu ya fungu. Anisia huongeza wimbo ambao mteja hakuuomba. Kwanza atakuhoji: umetoka wapi, unalima au unachimba, nyumbani umemwacha nani. Kisha anakuchagulia.

Mkulima mmoja wa Ushirombo alifuata kwaya, akaondoka na kantri, muziki wa gitaa wa mashambani kwa Wamarekani. Wiki iliyofuata alirudi kutaka nyingine.

"Kiingereza sikijui, lakini mtu anayelilia kwao namjua," anasema Anisia. "Lile gitaa ukilisikiliza vizuri ni ndugu yake zeze. Kwa hiyo aliyependa kantri, safari ya pili nampa Ngassa."

Ngassa ni mpiga zeze wa huko Tinde. Anisia alimrekodi kwa simu harusini, akaanza kumgawa kama nyongeza. Kama waimbaji wengi wa asili, Ngassa hufungua wimbo kwa kujitaja: jina lake, la baba yake, kijiji chake, na siku hizi namba ya simu, wenye sherehe wamwite.

Ndipo yule mwenye duka wa Buseresere alipoukata mwanzo wote na kubandika sauti yake akinadi duka. Wimbo huo uliokatwa ndio ulioenea machimboni. Wizi wa mchana kweupe, na watu wakaucheza.

Mwaka huu Ngassa aliitwa kupiga harusini. Alipoanza wimbo wake, wageni wakamzomea kwamba anaiga wimbo wa watu. Alirudi kwao, akatundika zeze ukutani. Sasa anachunga ng'ombe wa jirani.

"Mtu anaitwa mwizi wa wimbo wake mwenyewe!" Anisia anapiga meza, simu zinaruka. "Mimi ndiye niliyemsifia kwa watu. Leo nikae kimya?"

Hakukaa. Kila simu yenye wimbo uliokatwa anaufuta na kuweka mzima, bure. Makoye hautaki huo mzima.

"Mimi nataka ngoma, Mama. Ukoo wake wa nini?"

"Ukishuka duarani, kule shimoni, jina lako si huliacha juu daftarini?"

"Naliacha."

"La nini?"

Makoye anatazama viatu vyake. "Kifusi kikiporomoka, wajue wanamfukua nani."

"Haya. Ngassa kafukiwa, na wewe unacheza juu yake."

Anisia ana mpango mmoja tu: baada ya mavuno, Ngassa asimame mbele ya kibanda hiki siku ya gulio, ajitaje kwa mdomo wake, Runzewe nzima isikie. Amempigia mara kadhaa; mzee anakataa.

"Basi nitaenda Tinde mwenyewe. Nitakaa uani kwake mpaka alitungue lile zeze. Akinifukuza, nitakaa barabarani."

Anawasha spika, sauti ya juu kabisa. Ngassa anajitaja, anamtaja baba yake na kijiji chake, anamalizia na namba ya simu. Makoye anasikiliza mpaka zeze linaponyamaza, kisha anaomba simu yake.

"Mama, hebu rudisha pale kwenye namba," anasema. "Dada yangu anaolewa mwezi wa nane."