Ijumaa Yetu na Mzee wa Kialbania

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na hapo mama yako asipasome. Nilikuwa kijana, mlinzi wa jengo la ghorofa pale Fereej Bin Mahmoud, Doha, miaka ile mji mpya wa Lusail bado ni mchanga na winchi. Siku ya mapumziko wenzangu walikwenda ufukweni kupiga picha. Mimi nilikuwa na kitanda na blanketi, nikaona nchi ya watu nimeshaiona vya kutosha. Ndiyo sababu walinichagua kuwa msemaji wao. Usidhani ni hekima, nilikuwa napatikana.

Shida yetu ilikuwa Ijumaa. Doha, Ijumaa ni siku ya msikitini na ni siku ya kanisani pia, kwa kuwa Wakristo nao hukusanyika kwenye makanisa ya Mesaimeer siku hiyohiyo. Kila jengo lilikuwa na walinzi wawili, na tulijipanga kwa kupendana: Mkristo na Mkristo mwenzake, Muislamu na Muislamu mwenzake. Wakienda kusali wanaondoka wote wawili, mlango unabaki na Mungu. Msimamizi mpya wa kampuni yetu ya ulinzi alipogundua akafuta ruhusa zote. Ijumaa hakuna kutoka.

Otieno, Mkenya mwenye sauti ya mnadani, akasema, "Ijumaa hii hatupandi basi la kazini. Tuone nani atalinda."

Hamadi wa Unguja, mtu mzima kuliko sisi, akamjibu, "Usipande. Utapandishwa ndege. Ukifika kwenu utasali kutwa, maana kazi huna."

Na hakukosea, kugoma kule ilikuwa ni kurudishwa nyumbani.

Nikaenda kwa msimamizi na madai ya Wakristo, akanifukuza. Nikaenda na ya Waislamu, akanifukuza kwa adabu kidogo. Otieno akaniita kibaraka, Hamadi akaniita mchochezi, yote hayo kabla sijanywa chai.

Alasiri nikamweleza Mzee Luan. Huyu alikuwa Mualbania aliyekaa kwa bintiye ghorofa ya tatu. Binti akienda kazini, mzee anashuka kuketi nami mapokezi. Kiingereza chake kilichechemea, changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo tulielewana bila kuoneana haya. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu, kisha akaongoza chama cha Waalbania katika nchi ambayo wao ni wachache. Vijana wake walitaka bunduki. Serikali ilimwita msaliti wa nchi, vijana wakamwita msaliti wa damu. Yeye akaingia bungeni, akang'ang'ania shule, watoto wasome kwa Kialbania. Ilichukua miaka, lakini ikajengwa. Uchaguzi uliofuata, watu wake mwenyewe wakamwangusha, wakamchagua mwenye makelele.

"Hukuumia?" nikamuuliza.

"Niliumia sana. Lakini shule ipo, na wajukuu wa walionitukana wanasoma humo."

Kisha akanigeuzia kibao. "Wewe umekwenda kwa mkubwa mara mbili kubeba hasira za watu. Hao wawili umewaweka meza moja lini?"

"Hawapendani, mzee."

"Sikukuuliza kama wanapendana."

Jioni nikawaita Otieno na Hamadi jikoni, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni. Nikawaambia kila jengo likae Mkristo mmoja na Muislamu mmoja, na wao wawili ndio waanze. Mkristo aende Mesaimeer asubuhi, arudi kabla ya adhana ya adhuhuri, ndipo Muislamu aende msikitini. Mlango hauachwi hata dakika.

"Yaani nishinde na huyu kutwa?" Otieno akasema. "Huyu anakoroma akiwa macho."

"Na wewe unanyamaza lini?" Hamadi akamjibu. "Hata ukitafuna unahutubia."

Nikawaacha mpaka maneno yakawaishia. Mwishowe Hamadi akauliza taratibu, "Na ukichelewa kurudi, mimi nitasali wapi?"

"Sitachelewa, mzee," Otieno akamwambia.

Hapo nikajua mambo yameiva. Kesho yake tukaingia kwa msimamizi watatu pamoja. Alitutazama kama watu waliokosea mlango, kisha akatupa Ijumaa moja ya majaribio. Ijumaa hiyo, adhana haijaanza, Otieno akashuka kwenye teksi na tai shingoni, jasho linamtiririka, akakaa kwenye kiti cha Hamadi bila hata salamu. Hamadi akavaa kofia yake, akaenda. Ruhusa ile haikufutwa tena mpaka naondoka Doha. Kunishukuru, hakuna aliyenishukuru. Kila mtu alikuwa na malalamiko juu ya mwenzake mpya, na aliyaleta kwangu.

Sasa nasikia vijana wenzako wamekuteua uwasemee. Mwanangu, usikimbilie kwa wakubwa na hasira za watu mkononi. Waketishe kwanza wao kwa wao, uulize kila upande uko tayari kuacha nini. Ukishapata jibu, ingia ofisini kifua mbele, na uingie nao. Watakutukana wa huku na wa kule; kula, lala, endelea. Mungu akujalie masikio yanayosikiliza, na kwa midomo ya ukoo wetu hilo ni ombi zito. Akupe moyo usiodai makofi, na akuweke hai uwaone watu wakipita katika njia uliyowafungulia, bila kukumbuka kuwa ni wewe uliyeifungua.