Mama Ule wa Beseni la Buluu

Kwa miaka thelathini Mama Delphine wa mtaa wa Katuba alitembea na beseni la kikanda kichwani, mpaka shingo yake ikawa nene kama gurudumu la trekta. Anayebisha akamuulize fundi wake wa nguo: kola peke yake ilikula nusu kitenge. Na kikanda chenyewe, acha tu. Viazi vidogo vya porini vimetwangwa, vikachanganywa na unga wa karanga, chumvi na pilipili, vikapikwa mpaka vikagandamana kama soseji nene, ndipo kisu kikapita. Dereva mmoja wa treni alikula vipande vitatu asubuhi, akafika Kamina kabla ya treni yake.

Lakini habari yenyewe si ya pilipili. Ni ya mkwe wake Guelor, aliyemtengenezea mama huyo tovuti bila kumtazama usoni hata mara moja.

Ukoo wao ulishika desturi ya zamani. Mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye ana kwa ana, hatamki jina lake, mpaka siku mama atakapompikia kuku wa kufungua macho. Wengine hupikiwa mwaka wa kwanza. Guelor alikuwa anangoja mwaka wa saba. Kuku mwenyewe alikuwepo, mwekundu, mnene, akizunguka uani kama mwenye nyumba. Guelor akija kusalimia, kuku alimtazama kwa dharau, naye Guelor alimtazama kwa mate.

Mkwe na mama mkwe wakitaka kusemezana, walipitia kwa Myriam, mke wa Guelor. Myriam akiwa hayupo, walipitia kwa sufuria.

Basi mwezi ule Madame Kiki wa Golf, mtaa wa matajiri, mpishi wa harusi na sherehe za wakubwa, alitangaza kwamba anatafuta mama mmoja tu wa kumpikia kikanda kila wiki, mwaka mzima. Gari lake lingekuja kukichukua mlangoni. Kila anayetaka amtumie tovuti yake kwenye simu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi angechagua.

Gari mlangoni! Mama Delphine alisikia, akajishika shingo. Guelor kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Siku hiyo hiyo, mama akiwa jikoni na mkwe nje ya ukuta, sufuria ikapata kazi.

"Weye sufuria! Ambia ule muntu wa mashini, shingo yangu imechoka. Nikikosa ile kazi ya Madame Kiki, nitabeba ile beseni mpaka ku makaburi. Na ile kuku itakufa na uzee."

"Sufuria, ambia Mama asiogope. Nitamufanyia site ya muzuri, bantu ba Golf batalia."

"Sufuria, ulizia: batalia juu ya furaha ao juu ya pilipili?"

Guelor akaenda kwenye mashini yake, ndiyo kompyuta, akatengeneza kama alivyozoea kuwatengenezea wote. Akapaka rangi ya dhahabu na kijani. Juu akaandika Saveurs Royales du Katanga, yaani ladha za kifalme za Katanga. Na kwa kuwa uso wa mama mkwe hakuweza kuuweka, akaokota kwenye intaneti picha ya bibi wa kizungu anayechekea bakuli la nyanya. Akamtumia Madame Kiki, akakaa kungoja sifa.

Simu ikalia kabla hajamaliza chai.

"Papa Guelor, uyu mama wa tomati ni shangazi ya nani?"

"Madame, ile ni picha tu, ya kupendeza."

"Nimepata site sita za kikanda. Mu site ine iko uyu uyu mama, anachekea zile zile tomati! Sasa wako nitamujulia wapi? Na kikanda ilianza lini kuwa na tomati? Uko na siku tano, Papa. Uniletee kintu nikiona tu nijue: ni yule."

Habari ilifika jikoni mbio kuliko Guelor.

"Sufuria, banasema nimekuwa muzungu. Ulizia kama mume wangu anajua."

Guelor akaiacha sufuria, akamtafuta mkewe. Alimwomba Myriam ampige mama yake picha za kweli. Myriam akapiga arobaini. Guelor akafungua ya kwanza, akaona ukingo wa paji la uso, akaifunga mashini kwa kishindo.

"Unaogopa hata picha?" Myriam akacheka mpaka akakaa chini.

"Picha iko na macho, Myriam!"

Akajaribu kuzikata akiwa amejifunika taulo kichwani. Alipofunua, mama alikuwa ameondoka kwenye picha zote arobaini. Aliyebaki ni kuku.

Zikapita siku mbili. Siku ya tatu alikuwa ameketi uani kwa wakwe zake, macho chini kama kawaida, akijiuliza ataweka nini mahali pa uso. Mbele yake pakapita miguu miwili yenye sandali nyekundu za plastiki, ya kushoto imeshonwa kwa waya. Guelor alizijua sandali hizo. Aliijua na alama ya moto kwenye kidole gumba cha mkono wa mama, yenye umbo la karanga. Aliujua ukingo wa beseni la buluu, mahali rangi ilipobanduka na kuacha weusi. Aliijua sauti ya kisu: mama kabla ya kukata alikigonga mara mbili kwenye ukingo, ko-ko, halafu akakata, ko. Miaka saba alikuwa ametazama chini, na huko chini kulikuwa kumejaa vitu.

Akaruka, akakimbilia kwenye mashini bila hata kuaga sufuria.

Dhahabu akaifuta, kijani akakifuta, bibi wa nyanya akamrudisha kwao. Ukurasa mzima akaupaka buluu ya beseni, ile ile, na pembeni akaacha weusi wa kubanduka. Akaweka picha ya miguu yenye sandali, aliyoipiga akiwa ametazama chini. Akaweka mkono wenye alama ya karanga na kipande kimoja cha kikanda, basi, nafasi nyingine yote ikabaki wazi ipumue. Jina hakuweza kulitamka, sembuse kuliandika, kwa hiyo akaandika vile alivyomtaja siku zote kwa watu: Mama Ule, yaani mama yule. Na chini yake maneno haya tu: "Sura yake ni kazi ya mume wake. Weye, kula."

Sauti nayo akaitaka. Akajibanza nyuma ya ukuta wa jiko na simu yake, akairekodi. Ilikuwa nzito, ingekula mega za intaneti za watu, kwa hiyo akaikata mkia. Ukifungua tovuti, simu inasema: ko-ko, ko. Mkia huo msiusahau.

Ee, watu wa Golf! Madame Kiki aliwatumia rafiki zake tovuti hiyo, na Ijumaa simu zao zote zilikuwa zinagonga. Mbwa walinzi walibweka mchana kutwa wakidhani wageni wako mlangoni. Kila mtu aliuliza: huyu Mama Ule ni nani?

Jumamosi asubuhi Madame Kiki akatuma dereva sokoni amlete. Dereva akapaza sauti, "Mama Ule ni nani hapa?" Na hapo ikaonekana kasoro ya mama asiye na uso. Wakaingia garini wanne.

Guelor alipoitwa Golf mbio, alikuta mama wanne wamepangwa uani, na Madame Kiki mikono kiunoni.

"Nimebafunga midomo," akasema Madame Kiki. "Mwenye kusema neno moja, anarudi na miguu. Papa Guelor, ni site yako. Onyesha mama yako."

Guelor akatazama chini. Miguu minane, yote ina sandali nyekundu, na kila ya kushoto ina waya; kila kidole gumba cha mkono kina alama ya karanga. Mabeseni manne, yote ya buluu. Moja rangi ilikuwa bado mbichi, mwenyewe amelishika kwa vidole vyake vya buluu.

"Onjeni basi," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeonja! Yote sawasawa!"

Na kweli ilikuwa sawasawa. Asubuhi ile Mama Delphine alishangaa kwa nini wauza kikanda wenzake wamenunua kwake mabonge mazima mazima. Wote wanne walikuwa wamebeba kikanda chake.

Kuinua macho kungemaliza mambo? Hapana. Uso ule asingeujua hata ungemsalimia. Na mama mkwe pale, mdomo umefungwa, shingo imesimama, anangoja.

Guelor akageuka, akawapa mgongo.

"Madame, bakate. Mumoja mumoja. Mi nitasikiliza."

Wa kwanza akagonga: ko-ko, ko. Safi kabisa, kama kwenye simu. Wa pili: ko-ko, ko. Jasho likamteremka Guelor mpaka viatu vikalia maji. Wa tatu: ko-ko, ko.

Halafu, taratibu, kama kisu kinanong'ona: nyaa.

Wa nne: ko-ko, ko.

"Wa tatu," akasema Guelor.

"Unajuaje? Bote bamegonga sawa."

Guelor akatoa simu yake, akafungulia sauti nzima, ile kabla ya kukatwa. Ko-ko, ko. Nyaa.

"Ile ya mwisho ni mbasela, Madame. Akikata kipande ya kuuza, anakata tena kadogo ka kukupa bure. Mu site niliikata juu ya mega."

Madame Kiki akageuka kutazama. Mbele ya wa tatu palikuwa na kipande kikubwa na kadogo pembeni yake. Hakuna aliyekuwa amenunua kitu. Mkono umejikatia wenyewe, kwa mazoea ya miaka thelathini.

Mwenye vidole vya buluu, Mwansa jina lake, akasahau kwamba amefungwa mdomo. "Lakini tulisikiliza ile site usiku muzima! Haikusema kintu ya mbasela!"

Madame Kiki alicheka mpaka bati la jirani likatikisika. Vipande vya Mwansa na wenzake akavichukua kwa sherehe ya jioni, wenyewe akawarudisha kwa gari, si kwa miguu. Kazi ya mwaka ikaenda Katuba. "Na ile sura," akamwonya Guelor, "usiiweke hata siku moja. Kukosa sura njo inaleta bantu."

Jumatatu gari la kwanza likaja mlangoni. Beseni likawekwa chini, likawa kitanda cha kuku.

Jumapili iliyofuata Guelor alisikia maji yanachemka jikoni. Moyo ukamruka.

"Weye sufuria, ambia mukwe wangu." Miaka saba alikuwa ule muntu, leo mukwe wangu! "Maji iko tayari, kuku iko tayari. Lakini ulizia: akisha kuniona, kesho atasikia nini tena? Akizoea sura yangu, ataangalia tena mikono na beseni ya site ile?"

Guelor akamtazama kuku. Kuku, kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa heshima. Guelor akameza mate, mengi.

"Sufuria, ambia Mama: ngojea. Kuku iishi kwanza."

Ndani sufuria ikaipuliwa motoni. Halafu ko-ko, ko. Mlangoni ukatokea mkono wenye alama ya karanga, na sahani: kipande kinene cha kikanda, na kadogo juu yake.

Kuku naye, kwa furaha ya kupona, alitaga mayai mawili mchana ule. Moja la buluu.