Jembe langu na maua ya Mwanaidi

Leo nimeng'oa maua ya kaburi la mwanangu kwa jembe langu mwenyewe.

Msinipe pole. Someni kwanza.

Nimefika makaburini asubuhi, kaburi la Omari limefunikwa majani tele. Kwetu kaburi hupaliliwa likabaki udongo mtupu, mnajua. Nikamtukana mkewe, Mwanaidi, moyoni: mvivu huyu, kamwacha mume porini!

Nikapalilia mpaka kukawa kweupe. Nikajisifu.

Mara Mwanaidi huyo, debe la maji kichwani. Akalitua polepole.

"Shikamoo, mama. Lile halikuwa gugu."

"Ni nini basi? Mboga?"

"Jerania, ua la Kizungu. Nilimwomba memsahibu, yule mama Mzungu ninayemfulia kule shamba la mkonge. Linatambaa, linashika udongo. Masika yaliyopita mvua ilianza kumfukua Omari. Wewe hukuja, mama."

Kweli, sikuja.

   

Nikaokota mizizi niliyoing'oa, minene kama vidole vya mtoto, nikaanza kuifukia.

"Usifukie chini sana, mama."

Nikatii. Mimi, nikatii!

"Itashika?" nikamuuliza.

"Ikipata maji."

Radhi sijaomba, na msinifundishe. Lakini debe la pili nimelichota mimi, kule mtoni Pangani, nikalipandisha na kiuno changu hiki kibovu.

Kesho naenda tena.

Haya, nisemeni.