Trilobaiti Yangu ya Kisaju

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Kisaju. Majuzi niliokota kijiwe chenye mistari kama mbavu, nikaapa ni trilobaiti, mdudu wa baharini aliyetoweka hata kabla ya dinosaria. Siku ya wazazi nikakiweka juu ya kitambaa cheupe, nikashika maikrofoni na kutangaza kwamba Kajiado yote ilikuwa bahari. Wanafunzi wangu wakapiga makofi kwa fahari.

Mzee Parsaloi, mzazi anayefuga ng'ombe jirani na shule, alikigeuza kijiwe polepole, kisha akanivuta kando.

"Mwalimu, usiskie vibaya," akaninong'oneza. "Hii ni simiti ya birika ya ng'ombe zangu. Niliikanyaga na akala zangu za tairi ikiwa bado mbichi."

Uwanja mzima ukamsikia. Nilikuwa sijazima maikrofoni.